Sili ya giaboksi isingoje mteremko wa Mto wa Mbu

KILA msimu wa vitunguu unapofika Mang'ola, wilayani Karatu, malori hushuka hadi bonde la Ziwa Eyasi na kurudi yamejaa magunia, mengine ya lumbesa. Si machache kati ya malori hayo yaliyo ya zamani, na chini ya giaboksi hudondoka oili. Utingo huiona, dereva huiona, na tiba huwa ile ile: kopo la oili ya kuongezea.

Tone moja kila sekunde mbili ni matone 1,800 kwa saa. Giaboksi ya lori dogo hubeba lita chache tu, na mara nyingi hakuna taa ya kumwonya dereva kwamba oili imepungua. Atajua beringi zitakapoanza kulia na gia kuchomoka.

Hapo ndipo hatari ilipo. Lori linalotoka Karatu kwenda Arusha hupita Rhotia, kisha hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu. Dereva makini huteremka kwa gia nzito ili injini isaidie kulizuia lori. Gia ikichomoka, hubakia breki ya mguu pekee. Kwenye kupanda nako kuna balaa lake: sili ya mbele ikivuja, oili huweza kufika kwenye klachi, nayo ikaanza kuteleza huku mzigo ukivuta nyuma.

Hasara haiishii kwa mwenye lori. Vitunguu vilivyokaa juani siku mbili kando ya barabara huanza kuoza. Mfanyabiashara aliyewahi kupoteza mzigo namna hiyo hujilinda msimu unaofuata kwa kushusha bei shambani. Kwa hiyo mkulima ambaye hajawahi kumiliki hata toroli hulipia sili ya lori la mwenzake. Upande wa pili, kilimo hakiruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, na familia za wafugaji hutegemea mahindi yanayopandishwa kwa magari kupitia lango la Lodoare. Lori likilala njiani, bei hupanda dukani.

Sili yenyewe ni pete ya mpira yenye springi ndogo inayobana mdomo wake kwenye shafti. Ya nyuma hubadilishwa kwa kufungua propela, bila kushusha giaboksi. Lakini tahadhari inahitajika: katika malori mengi ya zamani breki ya mkono imefungwa nyuma ya giaboksi, hivyo propela ikifunguliwa haishiki tena magurudumu. Vigingi viwekwe kwanza.

Kosa la pili ni kubadilisha sili bila kutafuta kilichoiua. Vumbi likiziba tundu la kupumulia la giaboksi, hewa ya moto hukosa njia na kuisukuma oili nje kupitia sili. Beringi ikilegea, shafti hucheza na kuutafuna mpira. Shafti ikiwa na mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya itavuja vile vile. Fundi hodari husafisha tundu, hupima mchezo wa shafti, hulinganisha vipimo vilivyoandikwa kwenye sili, huupaka mdomo wake mafuta, kisha huigonga taratibu pande zote, mdomo wenye springi ukielekea kwenye oili.

Wamiliki wa malori husema fedha haitoshi, na ni kweli kwamba nauli ya gunia hupangwa kwa ushindani mkali. Lakini nauli isiyobeba matengenezo ni mkopo ambao lori litaudai siku moja, na litaudai mlimani. Kutenga kiasi kidogo kila safari ni nafuu kuliko kununua giaboksi nyingine.

Wakulima na wafanyabiashara nao wana nguvu ambayo hawajaitumia. Kabla gunia la kwanza halijapakiwa, lori liegeshwe mahali pakavu usiku mmoja, asubuhi wachungulie chini. Linalodondosha oili lipelekwe kwa fundi kwanza. Wenye lori wakijua kwamba linalovuja halipati mzigo, sili zitabadilishwa mapema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa barabara ya Karatu, ukuta huo unaweza kugharimu roho za watu.