Mfungulie Mtunza Dawa Mfuko Wako

Ukitoka kwa mganga na karatasi mkononi, unafika kwenye dirisha la dawa. Pengine mtunza dawa anakuuliza, "Mama, nyumbani unameza dawa gani nyingine?" Wengi hukasirika. Husema, "Mganga ameandika, kazi yako ni kutoa." Mimi nasema, sivyo. Mtu huyu si mgawaji wa vidonge tu, ni mlinzi wako.

Tazama hali yetu hapa Ngungu. Mzee ana tansio, yaani shinikizo la damu. Anapata dawa kwenye kituo cha afya. Magoti yakimwuma, ananunua vidonge sokoni. Vita ikija anakimbilia Minova au Sake, na huko anapewa dawa nyingine. Akirudi, anazimeza zote pamoja. Kila aliyempa dawa aliona sehemu yake tu. Nani ataziona zote?

Mimi mwenyewe nilikosa. Zamani nilimpa mama mmoja mzee diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, nisimwulize neno. Kumbe alikuwa akimeza dawa za tansio, pamoja na ibuprofeni ya sokoni. Baada ya siku chache alirudi, miguu imevimba, damu imepanda, mkojo umepungua. Mtunza dawa ndiye aliyemwomba afungue kitambaa chake, akavipanga vidonge mezani, akanionyesha kosa langu. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa tumbo moja. Zote hupunguza nguvu ya dawa za tansio, nazo zaweza kuumiza figo na tumbo. Tulizikomesha zote mbili, na yule mama akapata nafuu. Niliona haya, lakini nilishukuru.

Kuna dawa nyingine zisizopatana. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Hupunguza pia nguvu ya dolutegraviri, dawa ya virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo mgonjwa huyo huimeza mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Mama mjamzito akimeza asidi foliki ya miligramu 5, dawa ya SP ya kumkinga na malaria hupungukiwa nguvu. Nayo parasetamoli huuzwa kwa majina mengi: mtu hudhani anameza dawa mbili, kumbe ni moja, na ikizidi huharibu ini.

Kumbukeni pia jambo la Ituri. Tangu mwisho wa 2014 na katika 2015, mamia ya watu walikakamaa shingo na uso. Kwanza walidhaniwa kuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo. Kumbe vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu vilikuwa na dawa nyingine, haloperidoli.

Wengine watasema, "Watu ni wengi dirishani, nao wametoka milimani kwa miguu. Maswali yanachelewesha." Ni kweli. Basi tumpe mtunza dawa benchi, daftari, na ruhusa ya kumrudisha mgonjwa kwa mganga bila kukaripiwa. Yeye naye asibadilishe dawa peke yake. Azungumze kwanza na aliyeandika. Kuchelewa nusu saa ni heri kuliko kulazwa wiki mbili.

Nawe msomaji, shika mambo haya:

1. Ukija hospitali, leta dawa zako zote, hata za sokoni na za miti shamba. Usifiche kitu kwa haya.

2. Kwa kila dawa uliza: Ni ya nini? Nimeze mara ngapi? Nikome lini?

3. Usiache kwa shauri lako dawa ya tansio, ya kifafa, ya kifua kikuu wala ya UKIMWI. Uliza kwanza.

Mara nyingine utarudi nyumbani na vidonge vichache kuliko ulivyoleta. Usidhani umenyimwa. Umetunzwa.