Mgomo wa bandari si adui wa asiye na kazi



Kila wafanyakazi wa SCTP, ile ONATRA ya zamani, wanapogoma juu ya mishahara ya nyuma, mtaani tunasikia: «Beko na kazi, banalia nini?» Wengine wanaongeza: «Balete tu mashine!»

Sisi wenye diploma bila kazi tunajibu: hapana. Kazi isiyolipwa ni utumwa. Na nafasi tunayoingoja ni hiyo hiyo yao: wakishindwa leo, kesho tutarithi madeni.

Mashine je? Oktoba 2024, wafanyakazi 45,000 hivi wa bandari za Marekani waligoma siku 3. Walipata nyongeza ya 62% kwa miaka 6. Januari 2025 sindika yao ikapatana na waajiri juu ya mashine pia, kazi zilizopo zilindwe. Hapa Kisangani gunia lingali linapanda mgongoni mwa mtu, na huyo ndiye tunamtishia mashine?

Tunadai Serikali, mwenye SCTP, itangaze tarehe ya kulipa. Nawe kijana, ukiitwa kushika nafasi ya aliyegoma kwa bei ya chini, kataa. Kesho ni wewe.