JINO LILILOLIKA SI KOSA LA DEREVA



Mahindi ya Kachibora yakikauka mashambani, mashini hufanya kazi toka alfajiri hata usiku: za kuvuna, za kupukuchua, na za kupandishia nafaka ghalani. Ndipo mnyororo hukatika, na neno la kwanza kusikika ni hili: "Dereva ameharibu mashini." Sisi wa reli tumezoea kukagua magurudumu kabla ya safari, si baada ya ajali. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwakumbusha ndugu zetu habari za lile gurudumu la meno livutalo mnyororo, ambalo mafundi huliita sproketi.

Mnyororo hauvutiki kama mpira. Pini na bushi za kila kiungo hulika kidogo kidogo kwa vumbi na kwa kukosa mafuta, na viungo vyote vikilegea mnyororo mzima hurefuka. Hapo hauketi tena chini kati ya meno, bali hupanda juu na kuyala.

Dalili zake ni hizi. Zima mashini kwanza, utoe na ufunguo.

1. Tazama jino. Zima lina pande mbili zilizo sawa. Lililolika ni jembamba, limepinda kama ndoana.

2. Shika mnyororo pale katikati unapolizunguka gurudumu, uuvute nje. Ukiachana na gurudumu hata nusu ya jino ionekane, umerefuka.

3. Pima viungo kadhaa mnyororo ukiwa umekazwa. Palipokuwa na inchi 100 pakiwa 103, wakati wa kuubadilisha umefika.

4. Meno yaking'aa ubavu mmoja, magurudumu hayakupangwa katika mstari mmoja.

Kwa katapila, meno yakichongoka kama mkuki, kagua pia pini na bushi za mnyororo wake.

Wako waajiri wanaonunua mnyororo mpya na kuutia juu ya gurudumu la zamani. Hiyo si akiba. Meno yaliyolika huumaliza mnyororo mpya upesi, na fedha hutoka mara mbili. Vibadilishwe pamoja.

Sasa twaja kwenye mshahara wako. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Jino lililolika msimu baada ya msimu si makusudi ya mtu. Lakini utalithibitishaje, nawe ulinyamaza? Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huohuo, yakutaka umwarifu msimamizi wako uonapo hatari kubwa. Basi mwarifu kwa maandishi: tarehe, mashini gani, na dalili uliyoiona. Weka nakala, na nyingine umpe mjumbe wa chama. Karatasi hiyo moja itakusemea siku ya lawama kuliko maneno mengi.

Wala mtu asikuharakishe hata ufungue kifuniko mashini ikizunguka, ati mvua inakuja. Sproketi hununuliwa Kitale. Vidole haviuzwi duka lolote.

Umoja ni nguvu.