Mendel Alikuwa na Abate Wake, Watafiti Wetu Wana Nani?



Akina mama wanaoleta watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli, hutuuliza swali moja: “Sista, kwa nini mwanangu?” Sehemu ya jibu tunaijua. Mtoto amerithi chembe ya ugonjwa kwa baba na kwa mama, ingawa mara nyingi wao wenyewe ni wazima. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa. Si mkosi, si kurogwa, wala si kosa la mama.

Lakini mama akiuliza kwa nini wake analazwa mara kwa mara, na wa jirani mwenye ugonjwa uleule anacheza mpira, jibu letu huwa fupi. Baadhi ya watu wana chembe nyingine za urithi zinazowafanya waendelee kuwa na damu ya aina ile ya mtoto aliye tumboni, nayo huwakinga. Mengine bado yanatafutwa.

Yanatafutwa na nani? Na watu waliofundishwa kutafuta. Ndiyo maana ya masomo ya uzamivu, yaani shahada ya udaktari wa falsafa. Kijana hakai miaka mitatu, minne au zaidi akikariri vitabu. Anachukua swali ambalo halijajibiwa, anashikwa mkono na mwalimu wake, anakosea, anarudia, hadi apate jambo jipya la kweli.

Sisi Wakatoliki tusilione jambo hili kuwa geni. Elimu ya urithi ilianzia katika bustani ya monasteri. Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino huko Brno, alishindwa mtihani wa ualimu mwaka 1850. Abate wake, Cyril Napp, hakumkatia tamaa. Alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia 1851 hadi 1853, kisha akampa nafasi ya kupanda njegere zake. Mendel alizichunguza kwa takriban miaka minane, akachapisha matokeo mwaka 1866. Bila abate, huenda tusingemjua Mendel.

Je, vijana wetu wana abate? Kazi iliyoanza Muhimbili mwaka 2004, ikiongozwa na Profesa Julie Makani, imefuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu na kulea watafiti wa hapa nyumbani. Mradi wa H3Africa, kwa fedha za kutoka Marekani na Uingereza, nao ulisomesha vijana wengi wa Afrika kwa miaka kumi hadi 2022. Tunashukuru. Lakini mradi una mwanzo na mwisho. Kijana akihitimu akakosa maabara, mshahara na muda wa kutafiti, ataondoka, au atabaki na cheti ukutani.

Wapo watakaosema: “Hospitali haina damu ya kutosha, ninyi mnazungumzia uzamivu!” Uchungu huo tunaujua, maana sisi ndio tunaowaambia wazazi wasubiri. Hata hivyo tukumbuke dawa ya haidroksiyurea. Ilitumika Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, huku kwetu ikihofiwa kwa sababu ya malaria. Hofu ilipungua pale utafiti ulipofanyika Afrika kwenyewe, katika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: watoto walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, na hata malaria na vifo vilipungua. Swali la kwetu lilijibiwa kwetu.

Basi tufanye nini? Serikali na vyuo vitenge nafasi za kazi kabla kijana hajahitimu, si baada. Wazazi, msimharakishe binti anayependa sayansi aache shule aanze kutafuta pesa. Na mtafiti akija parokiani kuomba damu, msimkimbie wala msimkubalie kwa kuona haya tu. Muulizeni: inakwenda wapi? Ni ya kazi gani? Majibu yatarudi lini? Tumewahi kuona wageni wakichukua damu za watu wasirudi tena. Mtafiti aliyelelewa hapa anajua kwamba atakutana nanyi sokoni na kanisani.

Neno la mwisho kwa vijana hao: elimu ya urithi isiwe mizani ya kupima nani anastahili kuzaliwa. Kila mtoto tunayempokea wodini ni sura ya Mungu. Elimu hiyo iwe ya kumponya.

Siku moja tungependa kumjibu yule mama kwa ukamilifu. Huenda atakayetupatia jibu yuko darasa la tano katika parokia yako.