Mbolea ya bei nafuu bila chokaa itachosha udongo wa Mumias

MKULIMA wa Ekero, karibu na mji wa Mumias katika Kaunti ya Kakamega, ana sababu ya kufurahia bei ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa Sh6,500 ulishushwa na serikali hadi Sh3,500 mnamo Septemba 2022, kisha hadi Sh2,500 mwaka wa 2023. Hata hivyo, unafuu huo umefunika swali ambalo wanasiasa hawapendi kuulizwa: udongo wenyewe unaipokeaje mbolea hiyo?

Tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga miwa mwaka wa 1973, wakulima wa eneo hili walizoea kupewa mbolea kwa mkopo na kukatwa pesa wakati wa malipo. Kiwanda kilipowekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019, wengi walikuwa wamekwisha kung’oa miwa na kupanda mahindi. Miwa iling’oka, mazoea ya kutegemea urea hayakung’oka.

Asilimia 46 ya urea ni nitrojeni. Bakteria wa udongoni huigeuza kuwa amonia, halafu nitrati, na katika hatua hiyo ya pili asidi hutolewa. Nitrati isiyonyonywa na mizizi husombwa na mvua pamoja na madini ya kalisi, huku asidi ikisalia. Mvua ya Mumias si haba, na udongo wa Magharibi una uchachu wa asili.

Hapo ndipo shida ilipo. Mwaka wa 2014, watafiti Daniel Geisseler na Kate Scow wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikusanya matokeo ya majaribio ya miaka mingi mashambani. Kwa wastani, mbolea ya viwandani iliongeza wingi wa vijiumbe vya udongo kwa takriban asilimia 15, kwa kuwa mimea iliyonawiri iliwaachia mizizi na mabaki zaidi ya kula. Lakini pale kipimo cha pH kiliposhuka chini ya 5, vijiumbe vilielekea kupungua. Basi wanaohubiri kwamba mbolea ni sumu wanakosea, sawa na wanaodhani mfuko mmoja zaidi hauwezi kudhuru.

Uingereza kuna shamba la nyasi huko Rothamsted ambalo limefanyiwa majaribio tangu mwaka wa 1856. Katika vipande vilivyotiwa salfeti ya amonia bila chokaa, nyasi zilizokufa zimerundikana juu bila kuoza. Mtu anaweza kusema hiyo ni kaboni iliyohifadhiwa. Ni kweli, ila imelala juu ya ardhi kama mkeka, haijawa mboji ya kulisha mmea.

Kwetu hata mkeka huo haupo. Utafiti wa Kimetu na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2008, ulichunguza mashamba ya magharibi mwa Kenya yaliyofyekwa msituni kwa nyakati mbalimbali. Mavuno ya mahindi yalishuka kwa asilimia 66 ndani ya miaka 35 ya kulima mfululizo. Kilichoyainua tena ni mabaki ya mimea yaliyorudishwa ardhini, ikiwemo titonia, yale maua machungu ya manjano yanayoota kwenye nyua zetu.

Lakini mwenye nusu ekari atayatoa wapi mabaki? Mabua huliwa na ng’ombe, magunzi huingia jikoni, na majani ya miwa huchomwa kabla ya kuvuna. Njia iliyobaki ni samadi ya ng’ombe huyo huyo, na chokaa.

Chokaa ya kilimo huchimbwa Koru, Kaunti ya Kisumu, si mbali sana. Tatizo ni kwamba ni nzito, na nauli yake humtisha mkulima kuliko bei. Ruzuku ingesaidia zaidi iwapo sehemu yake ingelipia lori hilo, pamoja na kupima udongo kabla ya msimu wa upanzi, badala ya kila waziri kuhesabu mifuko iliyogawanywa.