Koyoti na watoto wa kulungu
Je, wajua koyoti hula nini? Mnyama huyu wa Amerika Kaskazini, jamaa ya mbweha wetu, hachagui: panya, sungura, panzi, matunda, mizoga, hata taka za mjini. Kulungu mzima mwenye afya si rahisi kumwangusha, isipokuwa theluji ikiwa nyingi. Wanaoangamia hasa ni watoto wa kulungu, wanaolala wamejificha nyasini majuma ya kwanza.

Huko South Carolina, Marekani, watafiti waliwanasa na kuwaua mamia ya koyoti kati ya 2010 na 2012. Mwaka wa kwanza watoto wengi zaidi walipona. Wa pili, faida ikatoweka. Koyoti wengine walikuwa wamehamia hapo. Mwindaji anayetaka kulungu wasipungue, afadhali kwanza aache kuua majike.