Jambazi Afikishwe Kituoni Yu Hai

Hapana raia mwema anayemlilia jambazi. Mtu aliyezoea kuvamia nyumba za watu usiku kwa silaha anapoangushwa na mikono ya wanakijiji, wengi husema amevuna alichopanda. Hasira hiyo tunaielewa, lakini hatukubali iwe ndiyo hukumu.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukashamiri Usukumani na Unyamwezini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Kahama na jirani zao waliunda Sungusungu, wakawaandama majambazi kwa pinde na mishale. Watu wakapata usingizi. Lakini baadhi ya makundi hayo yaliwageukia pia wazee, hasa wanawake, waliotuhumiwa uchawi. Sheria ilipoyatambua mwaka 1989, iliyapa mamlaka ya kukamata, si ya kuua.

Visiwani nako hatuna la kujivunia. Mwaka 1995, Unguja ilipotaharuki kwa uvumi wa popobawa, kundi la watu lilimwua mgonjwa wa akili kwa kumdhania kuwa ndiye.

Kundi lina mikono mingi, lakini halina wa kuulizwa. Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyezikwa Mangapwani katika mkoa wetu huu mwaka 2024, alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Yeye hakumpiga mtu, alibeba dhamana. Katika kundi, nani ataibeba?

Zaidi ya hayo, jambazi aliyekufa hamtaji aliyempa bunduki, wala anayenunua mali ya wizi. Hao hubaki salama, wakatafuta kijana mwingine.

Kwa hiyo tunawaomba wananchi wa Mkokotoni, kama wa kwengineko, wakeshe, wapige ukelele, wamkamate mhalifu na kumfunga kamba. Kisha wamkabidhi polisi yu hai. Polisi nao wafahamu kwamba mtuhumiwa anayeonekana mtaani kesho yake, bila ya wananchi kuelezwa sababu, ndiye anayewafundisha watu kuokota mawe.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda uhai wa kila mtu, na inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosa kabla hatia haijathibitika. Ngao hiyo tusiivunje kwa ajili ya jambazi mmoja. Kesho ataihitaji asiye na kosa.